Daftari la Wageni

Msichana wa mapokezi hakuinua macho.
"Mko wangapi?"
Nikasema, mmoja.
Akachungulia nyuma ya bega langu hadi mlangoni,
kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.
"Na mwenzio anafika saa ngapi?"

Daftari lilichorwa mistari kwa rula.
Jina: Mwajabu Suti. Kabila: Mrangi.
Kazi: fundi cherehani, sare za shule.
Atokako: Kondoa. Aendako:
hapo kalamu ikasimama, maana nilikuwa nimeshafika.
Nikaandika Moshi.
Sababu ya safari. Walionitangulia waliandika
biashara, msiba, biashara, matibabu, biashara.
Nikaandika: kutembea.
Ndeshi (jina lilikuwa kifuani) akalisoma kichwa chini miguu juu,
akanipa ufunguo wa namba tisa
na ndala, zote mbili za mguu wa kushoto.

Nyumbani nilifungashiwa maandazi,
ndimu ya kichefuchefu,
na maneno ya shangazi Mwanaheri, yasiyohitaji mfuko.
Usile cha mtu. Usicheke na mtu.
Ukiulizwa, sema kaka yako anakuja kukupokea.
Mwanamke asiye na wa kumsindikiza
ni mlango usio na komeo.
Aliyasema akinikaza mtandio shingoni,
yeye aliyezika waume wawili
na hajawahi kuvuka mto Bubu bila kushikwa mkono.
Simlaumu. Naye alikabidhiwa hivyo hivyo, yakiwa yamekunjwa.

Usiku wa kwanza niliegemeza kiti mlangoni.
Juu ya kiti, begi. Juu ya begi, jagi la bati,
likidondoka nisikie.
Saa tatu mlango ukagongwa
na moyo ukashona bila uzi.
"Nani?"
"Maji ya moto, mama."
Ndoo ya bluu, mvuke, kijana kashaondoka.
Nikaoga nikicheka peke yangu.
Kisha nikarudisha kiti, begi, jagi.
Hofu haitoki kwa ndoo moja.

Asubuhi nikautafuta mlima. Wingu tupu, jeupe kama bitana.
"Leo hautoki," akasema muuza magazeti pale mnara wa saa,
utadhani ni jirani yake mwenye homa.
Basi nikatembea. Kiborloni, kwenye mitumba,
nikapekua mishono ya ndani ya makoti ya ng'ambo.
Mwanamume akanifuata hatua kumi, kumi na tano.
Nikageuka nikamtazama
kama ninavyomtazama mteja asiyelipa.
Akapita.
Mikono ilitetemeka hadi nikauliza bei ya tetroni nisiyoihitaji.

Hotelini nikaagiza mtori.
"Vijiko viwili?"
Kimoja.
Nilikaa meza ya katikati. Nikaupuliza taratibu.
Hakuna aliyenisubiri nimalize.

Asiyeshona hajui hili:
sare ya mtoto hukatwa ndefu kuliko mtoto.
Ile ziada huipindia ndani, mshono wa mkono, mlegevu,
ili mwakani akirefuka, mama yake afumue.
Nina miaka arobaini na sita.
Nani alisahau kunifumua?

Usiku wa pili nilikihitaji kiti.
Dirisha la namba tisa liko juu,
taa za Majengo zinawaka,
na nilitaka kuzitazama nikiwa nimekaa.
Nikakivuta. Mlango ukabaki na komeo lake,
ambalo, kumbe, lilikuwa zima siku zote.

Shangazi akapiga simu.
"Kaka yako kashafika?"
"Hajafika. Wala haji."
Kimya kirefu, nikadhani salio limekwisha.
Halafu sauti ndogo, ya msichana nisiyemjua:
"Na huo mlima, umeuona?"
"Bado. Hautoki."
"Basi kaa," akasema. "Kaa mpaka utoke.
Halafu unisimulie, taratibu, usiruke kitu."